UZI: Rangi zinazogeuka zikipigwa na mwanga, kuanzia sidi zilizopauka mpaka swichi za faiba

MwanaKemia_Msa:
Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Kuna swali limekuwa likirudi rudi humu, mbona sidi za taarab na za harusi tulizochoma wenyewe zimekufa na zile za kiwandani bado zalia mpaka leo. Jibu lake lina kemia nzuri sana ndani yake na halijai kwenye koment moja kwa hivo nafungua uzi, kaeni kitako.

Sidi ya kiwandani data yake ni vishimo vilivyopigwa kwenye plastiki ya polikaboneti alafu vikavikwa utando mwembamba wa alumini, leza ya nanomita 780 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) yapita na kusoma pana kishimo au hapana. Sidi ya kuchoma haina vishimo kabisa. Ina tabaka ya rangi ya ogani, yaani rangi iliyojengwa kwa kaboni, ukoo mmoja na rangi za vitambaa, na leza ya kuandikia ikiongezwa nguvu inaipasha ile rangi mpaka yavunjika mahali hapo, pakishavunjika pale hapaakisi mwanga vizuri tena na kichwa cha kusoma chaona giza. Ndio bit yako hio, yaani alama moja ya data. Rangi yenyewe sio moja, ukigeuza sidi ukaona samawati iliyokolea basi hio ni jamii ya azo, ukiona kijani kijani ni sayanini, na ile ambayo karibu haina rangi ni fthalosayanini. Sayanini ndio ya kwanza kutumika, Taiyo Yuden wa Japani walitoka nayo 1988, na ndio isiyopatana kabisa na jua.

Sasa shikeni hapa manake uzi wote utazunguka hapa: kitu chochote kinachokubali kuandikwa na mwanga kinakubali pia kuharibiwa na mwanga. Watu wa fani hii wamekuwa wakipambana na hilo tangu miaka ya 50, na wengine wamelitatua kwa njia za ajabu wallahi.

mzee_wa_dukani:
Wa aleikum salaam. Mie nilikuwa na duka la sidi upande wa Mwembe Tayari enzi hizo, kazi ni kuchoma kutwa. Wateja wa matatu ndio waliokuwa wakirudi kulalamika, sidi inakaa pale mbele kwenye dashibodi na jua la Mombasa wajua lilivyo, baada ya muda inarukaruka. Lakini zile za kufuta na kuandika tena zilikuwa zavumilia zaidi, hizo nazo ni rangi gani mwanangu?

MwanaKemia_Msa:
Shikamoo mzee. Hizo hazina rangi ya ogani, ni aloi ya fedha, indiamu, antimoni na telurimu. Leza inaiyeyusha, ikipoa ghafla inabaki bila mpangilio, ikipashwa polepole inarudi kuwa fuwele, na hali hizo mbili haziakisi sawa. Kwa hivo pale ni madini na joto.

Na hata ile sidi ya kuchoma ya kawaida ukiangalia vizuri mwanga umetumika kama moto tu. Yaani leza inachoma. Mie ninachotaka tuzungumze ni kitu kingine, molekuli ambayo fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiigonga inabadilika umbo bila kuungua, alafu fotoni ya rangi nyingine inairudisha ilivyokuwa. Tofauti hio ni kubwa. Kuchoma hakurudi nyuma. Kubadilika umbo kunarudi, tena haraka kupita kiasi.

Jina la tabia hio ni fotokromia, alilitoa Yehuda Hirshberg 1950, na 1956 akaandika kuwa molekuli za namna hio zaweza kuwa kumbukumbu ya kuandika na kufuta kwa mwanga. 1956 jamani! Leza yenyewe ilikuwa haijazaliwa, ilikuja 1960. Huyu bwana alikuwa akifanya kazi na spiropirani, haina rangi ukiiyeyusha, ukiipiga ultravioleti, ule mwanga wa jua usioonekana, kiungo kimoja kati ya kaboni na oksijeni chakatika, molekuli yafunguka na kulala bapa na papo hapo yawa zambarau au samawati. Ukiipiga mwanga wa kawaida yajifunga tena.

Shida ni kuwa hata usipoipiga yajifunga yenyewe. Joto la chumbani latosha. Umeandika barua ukaiweka mezani, kidogo kidogo inajifuta.

DadaBamburi:
Ngoja kwanza MwanaKemia, hio si ndio kazi ya ile miwani inayokuwa nyeusi juani? Mie nimenunua kwa pesa nyingi na nikiwa Mombasa haikolei vile ilivyokuwa ikikolea nilipoenda Limuru, na nikiendesha gari ndio kabisa haifanyi kazi. Nilidhani nimeuziwa feki.

MwanaKemia_Msa:
Dada usimlaumu aliyekuuzia, hio ni kemia yafanya kazi yake. Lensi za plastiki za namna hio zina rangi za jamii ya naftopirani na spiroksazini, binamu wa hio spiropirani. Jua linazifungua ziwe nyeusi, joto linazifunga ziwe wazi, na zote mbili zaenda kwa wakati mmoja. Weusi unaouona ni pale mashindano yaliposimama. Limuru kuna baridi kwa hivo upande wa joto ni mnyonge na lensi inakolea, Mombasa joto linazirudisha haraka kwa hivo zinakolea kidogo hata jua likiwa kali zaidi. Na kioo cha mbele cha gari kinazuia ultravioleti karibu yote, bila ultravioleti molekuli hazipati wa kuzifungua.

Kwa miwani kujirudi ndio uzuri wake, nani ataka kuingia ndani ya nyumba na miwani nyeusi. Kwa kuhifadhi data ni msiba. Kitu kile kile.

Sasa nije kwa ile inayosomeshwa sana, azobenzini. Ni pete mbili za benzeni, kila moja ya kaboni sita, zimeunganishwa na naitrojeni mbili katikati. Ikiwa imetulia imenyooka, urefu kama nanomita 0.9 hivi. Ukiipiga ultravioleti inajikunja pale kwenye naitrojeni na kufupika mpaka kama 0.55. Ukiipiga samawati, au ukaiacha tu na joto, inanyooka. G. S. Hartley ndiye aliyeiona hali ya kujikunja 1937. Na ina tabia moja mie naipenda sana, ukiipiga mwanga uliopolarishwa, yaani mwanga unaotikisika upande mmoja tu, kila molekuli iliyolala sambamba na mtikisiko huo inanyonya, inajikunja, inanyooka, inajikunja, na kila mara inapotua inatua upande wowote, mpaka siku imetua kukingama na ule mwanga. Hapo haiuoni tena. Inatulia. Kwa hivo baada ya muda molekuli zote zimekimbilia upande mmoja na umeandika mwelekeo ndani ya plastiki. Sio rangi, ni mwelekeo, na wabaki hata molekuli zote zikiwa zimeshanyooka kwa sababu polima, yaani ile plastiki, inazishika.

Alafu 1995 makundi mawili, moja Canada na moja Massachusetts, wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Ukiweka miale miwili ya leza ipishane juu ya utando wa polima yenye azo, polima yenyewe inahama! Kwenye joto la chumba, ikiwa ngumu vilevile, inajisogeza na kuacha matuta ya mamia ya nanomita yaliyopangika vizuri. Molekuli ndogo inajikunja na kujikunjua mpaka plastiki nzima yatambaa. Ukiipasha moto inalainika na kurudi tambarare, uanze upya.

FundiFaiba254:
Mimi niko upande wa faiba kazi yangu ni kuunganisha na kupima, hapa Mombasa tuna kebo za baharini kadhaa zinazotua, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, baadaye LION2 na PEACE. Swali langu ni la kiutendaji. Mwanga unakuja safi kutoka baharini, ukifika kwa rauta unageuzwa umeme, unapangwa, unageuzwa tena mwanga. Hapo ndipo panapokula umeme na kutoa joto, na eyasii za Mombasa mnazijua bili zake. Hizi molekuli zenu zaweza kugeuza njia ya mwanga bila kupitia umeme au ni hadithi za maabara?

MwanaKemia_Msa:
Ndugu yangu swali lako ndio moyo wa nusu nyingine ya uzi, na lina majibu mawili kwa sababu kuna swichi za aina mbili.

Kwanza jua kuwa mwanga wenu wa nanomita 1550 ni mnyonge kwa molekuli hizi. Fotoni yake ina nishati kama elektronivolti (kipimo cha nishati ndogo sana) 0.8, na azobenzini yataka zaidi ya 3 ili ijikunje. Kwa hivo data yenyewe haiwezi kuigeuza molekuli. Lakini molekuli ikigeuzwa na mwanga mwingine, jinsi inavyopunguza mwendo wa mwanga wa 1550 nayo inabadilika, kwa hivo unaweza kumulika kwa juu ukabadilisha njia ya ule unaopita ndani. Swichi ya namna hio inakaa ilivyowekwa bila kula umeme, lakini kila kugeuza kwataka mwale mwingine wa rangi nyingine, haifai kupanga paketi, vile vipande vya data, moja moja. Yafaa kubadilisha njia mara moja moja.

Ya pili haibadilishi umbo kabisa. Kwenye molekuli ndefu zenye viungo maradufu na vya kawaida kwa kupokezana elektroni hazikai mahali pamoja, zaelea urefu wote wa mnyororo. Ukiweka volteji, lile wingu la elektroni lasogea, na mwendo wa mwanga unaopita wabadilika papo hapo, kusubiri atomu zisogee hakuna. Ndio maana modyuleta za polima, yaani vifaa vya kuwasha na kuzima mwanga kwa kasi ili ubebe data, zimepita jigahezi 100. Kazi yenyewe ni hivi, mwanga unagawanywa njia mbili, njia moja yapewa volteji na mwanga wake unachelewa nusu wimbi, zikikutana tena zinauana, giza. Ukiondoa volteji zinajumlika, mwanga. Kwa miaka mingi kazi hio imefanywa na lithiamu niobeti ambayo ni fuwele, inafanya vizuri lakini yataka volteji zaidi na nafasi zaidi.

Adui wa polima hapo ni joto tena. Hizo molekuli lazima zote ziangalie upande mmoja, zinapangwa kwa kuipasha polima mpaka karibu na kulainika, unaweka umeme mkali, zageuka zote, alafu unaipoza umeme ukiwa bado umewashwa. Kifaa kikikaa kwenye joto miaka, zinaanza kugeuka moja moja na swichi yapoteza nguvu. Kwa hivo kazi kubwa ya wanakemia sasa ni kuzifunga, ama kwa polima inayolainika juu sana ama kwa kuzishona zenyewe kwa zenyewe zikishapangwa.

FundiFaiba254:
Sawa, nimekupata. Chini ya bahari lakini tayari kuna vikuza vya ebiamu vinaongeza nguvu ya mwanga bila kuugeuza umeme, kila makumi kadhaa ya kilomita.

MwanaKemia_Msa:
Naam, vile vinaongeza tu, havichagui njia. Kuchagua ndio kazi iliyobaki.

Haya turudi kwenye kumbukumbu kwa sababu nilikuwa sijafika kwenye molekuli ninayoipenda kuliko zote. Miaka yote hio kuanzia Hirshberg, karibu kila molekuli iliyoandikika ilijifuta na joto, au baada ya kuandikwa mara kadhaa ikachoka na kuharibika. 1988 Masahiro Irie na wenzake Japani wakatoa diarilethini. Ni thiofeni mbili, pete ndogo zenye salfa, zimeshikwa na daraja katikati, baadaye daraja likawa pete ya kaboni 5 yenye florini. Ikiwa wazi haina rangi. Ipige ultravioleti, kaboni mbili zinazotazamana zinashikana, pete mpya yazaliwa, na molekuli yakolea rangi, nyekundu au samawati au zambarau kutegemea ulivyoijenga. Ipige mwanga unaoonekana, yaachana. Kufunga kunachukua pikosekunde, yaani sehemu za trilioni ya sekunde. Na ndani ya fuwele yafunga na kufungua zaidi ya mara 10,000 bila kuchoka.

Lakini hilo sio la ajabu kuliko hili: gizani haifanyi kitu. Joto la chumba haliigusi, hata nyuzi 80 zenu hizo za ndani ya gari lililofungwa haliigusi. Spiropirani ni mlango uliorudishwa tu, upepo wowote unaufungua, hii ina komeo, na komeo hilo lafunguka kwa mwanga tu. Sababu yake ni nzuri. Benzeni inapenda sana duara lake la elektroni, ukiivuruga kwa kufunga pete ya kati itafanya kila njia irudi, kwa hivo ukijenga molekuli hio kwa benzeni yafunguka yenyewe upesi. Thiofeni haipotezi sana ikivurugwa, haina haraka ya kurudi. Irie alichagua pete isiyojutia. Uchaguzi huo mmoja ukafungua mlango uliofungwa zaidi ya miaka 30.

Bint_Magarini:
Hongera kaka, nasoma taratibu lakini naelewa. Kwetu Gongoni na Marereni kuna mashamba ya chumvi, na maji yakikaribia kugeuka chumvi yanakuwa waridi. Mwalimu alitwambia ni vijidudu. Nimesoma mahali kwamba kuna kijidudu cha chumvi kilitumiwa kuhifadhi data, kuna ukweli?

MwanaKemia_Msa:
Kuna ukweli kabisa mdogo wangu na nimefurahi umelileta wewe. Kijidudu chaitwa Halobacterium salinarum, chaishi kwenye maji yenye chumvi kupita kiasi mahali ambapo vingine vingi vimekufa. Kwenye ngozi yake kina protini ya zambarau, bakteriorodopsini, iliyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 70 na Oesterhelt na Stoeckenius. Ndani ya protini hio kuna retinali, molekuli ile ile ya jamii ya vitamini A iliyo ndani ya jicho lako. Mwanga wa kijani-njano kama nanomita 568 unaigonga, retinali yajikunja, protini yasukuma protoni moja nje ya seli, yapita hali kadhaa, moja wapo ni ya njano inayonyonya 412, na baada ya kama milisekunde 10 yarudi zambarau. Kijidudu chapata nishati kwa njia hio.

Miaka ya 90 Robert Birge pale Syracuse, Marekani, aliitia protini hio ndani ya jeli na kujenga kumbukumbu ya ujazo mzima, sio uso tu. Mvuto wake ni kuwa viumbe vimeichuja protini hio muda mrefu mno, haichoki upesi, yavumilia jua na joto na chumvi. Na unaweza kuibadilisha jeni ili ile hali ya njano ikae muda zaidi. Ule waridi wa mabwawa sio wake peke yake, kuna rangi nyingine za karoteni na mwani pia. Lakini ukipita pale na kuona waridi, molekuli za kubadilika na mwanga zimo.

Kijana_TUM:
Mimi nasoma uhandisi, nimependa lakini nina pingamizi. Diski ya Blu-ray ina jigabaiti 25 kwa tabaka, kadi ya kumbukumbu ndogo kama kucha yachukua terabaiti. Hizi molekuli ziko wapi sokoni? Kama 1988 tatizo lilishatatuliwa mbona hatuzioni?

MwanaKemia_Msa:
Pingamizi lako ni la haki na nitalijibu bila kupamba. Lilitatuliwa nusu.

Nusu iliyobaki ni kusoma. Ukitaka kujua molekuli iko wazi au imefungwa lazima uimulike, na ukiimulika na rangi inayoinyonya baadhi yazo zitafunguka. Soma mara moja hakuna neno, soma mara milioni umeifuta. Kwa hivo kuandika, kuhifadhi, na kusoma bila kuharibu ni mambo matatu, na komeo la Irie lilitoa mawili. Kwa la tatu watu wamejaribu kusoma kwa infraredi, mwanga usioonekana wa upande wa pili wa nyekundu, ambayo haigeuzi molekuli, ama kuangalia mwendo wa mwanga badala ya rangi, ama kuunganisha molekuli na nyingine inayong'aa ili ing'ae ikiwa upande mmoja tu. Zote zafanya kazi maabara, kila moja yapunguza kitu kingine.

La pili ni ukubwa wa doa. Molekuli ni kama nanomita moja lakini mwale wa 405 wa Blu-ray hauwezi kubanwa chini ya kama nanomita 240, kwa hivo bit moja inakalia makumi ya maelfu ya molekuli hata zikiwa tabaka moja. Unazo molekuli bilioni lakini kalamu yako ni nene. Njia ya kutoka ni kwenda chini, kuandika ndani ya ujazo. Parthenopoulos na Rentzepis walionyesha 1989 kwa spirobenzopirani, wakatumia fotoni mbili kwa pamoja, molekuli yageuka pale tu miale inapokutana, juu na chini yake hapaguswi. Hio ni fikra nzuri mno mpaka leo.

Na ukiuliza zimeenda wapi, zimeenda kwenye hadubini. Molekuli zinazowashwa na kuzimwa kwa mwanga ndizo zilizovunja ule mpaka wa nanomita 200 na kitu, unawasha chache, unaandika zilipo, unazima, unawasha nyingine. Nobeli ya kemia ya 2014, Betzig, Hell na Moerner. Moerner huyo huyo alikuwa IBM akitafuta kuhifadhi data kwa molekuli za rangi. Kalamu ya data ikawa jicho la biolojia.

Kwa maoni yangu binafsi kwenye data ya kawaida SSD (hifadhi ya chipu) na kanda zimeshachukua uwanja, sitegemei kuona diski ya diarilethini dukani. Ninachotegemea ni polima kwenye modyuleta za faiba, kwa sababu pale haja iko leo na kila wati inahesabiwa.

Kijana_TUM:
Shukran, hapo umenijibu. Kuna kitu naweza kufanya bila maabara kikanionyesha hii fotokromia kwa macho?

mzee_wa_dukani:
Na mie unijibu, hizo sidi zilizobaki nizifanyeje.

MwanaKemia_Msa:
Mzee, zinakili sasa hivi kwenye hadi disk mbili tofauti, na zenyewe zikae wima kwenye kasha lake, kabatini penye giza na pakavu, zisiandikwe kwa kalamu ya wino mkali upande wa juu manake wino wapenya laka. Yenye kijani uianze kwanza.

Kijana, tafuta lensi mbili zilizotolewa kwenye miwani ya zamani ya namna hio, mafundi wa miwani huwa nazo. Moja itie kwenye friji nusu saa, nyingine iache mezani, zitoe juani pamoja na uzipige picha juu ya karatasi nyeupe kila sekunde 10. Alafu zirudishe kivulini uhesabu kila moja inachukua muda gani kuwa wazi. Rudia tena ukiziweka nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Weka picha hapa tuchore grafu.